Picha ya Ishirini na Tatu

Daftarini nilichora mashine kumi na mbili,
zote zizunguke pamoja kiitikio kikianza.
Duka la kufulia, Dundee, saa nne usiku;
mwenyewe katuachia funguo na onyo.

Sarafu zikaishia mashine ya tano.

Gurdit kajikunja na kamera ndani ya toroli la supamaketi,
namsukuma kwa goti, gurudumu moja lina kilio chake.
Ishbel anafuatisha kwa midomo sauti yake mwenyewe,
mara ya tisa sasa, pua imemwiva kwa baridi.
"Kata!" Kiswahili kimenitoka,
nao wanakata; neno limeshawazoea.

Ndipo akaingia muuguzi na mfuko wa sare.
Hakuuliza kitu. Akapita katikati ya taa zetu,
akatia pauni zake, akabonyeza, akaketi,
mguu mmoja nje ya kiatu ukitikisika
sawasawa na ngoma.

Gurdit hakuzima.

Nilimwomba ruhusa. Akacheka: "Mguu tu?"

Wiki nzima nimekata, nimeunga, nimefuta.
Michoro yangu ishirini na miwili
mingi imelala kapuni.
Kiitikio kinaanza
na soksi yenye tundu kidoleni.