Usikigeuze Kwanza

Usikigeuze kwanza.
Kila mjinga hukimbilia chini kutafuta muhuri,
kana kwamba sahani ni barua ya benki.
Muhuri hudanganya, Garth. Muhuri hugongwa na yeyote.

Kibebe.
Kauri ya jiwe ina uzito wa mtoto aliyelala;
ile ya jivu la mifupa, ukiinyanyua dirishani,
utaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili.
Kisha kigonge kwa ukucha, hapa ukingoni, usiogope.
Kikisema ngiii na kuendelea kusema, ni kizima.
Kikisema ndu, kuna ufa umejibanza mahali
na mwenye meza anaujua:
mtazame anavyochezea vifungo vya koti.

Mvua ya Longton inalipiga bati la soko.
Saa moja asubuhi, chai kwenye chupa, vidole ganzi,
nawe unaniambia vyote ni vyeupe tu.
Vyeupe tu!
Sogea kwenye mwanga.
Huu ni weupe wa siagi, na ndio mkongwe kuliko yote mezani.
Huu una ubuluu; tazama ulivyotuama kwenye mguu wa bakuli
kama maji ya kufulia yaliyosahauliwa.
Huu ni wa maziwa mabichi, ule wa maziwa yaliyoenguliwa malai.
Na kile pale, cheupe pe, kisicho na hata alama ya kijiko,
ni cha juzi. Kiache.
Kinacheka kwa meno ya kununua.

Haya, sasa geuza.
Vipele vitatu: hapo kilisimama juu ya vigingi tanurini.
Almasi ya mistari, herufi kwenye kila pembe:
hiyo ni tarehe. Nitakufundisha kuisoma nyumbani,
daftari liko chini ya kitanda.
Mjomba wako Cyril aliliita mume mwenzake.

Na hili?
Lilikuwa chini ya meza, ndani ya sanduku la ndizi.
Bakuli la supu, masuke ya ngano yamefinyangwa ukingoni.
Muhuri halina.
Lakini hapa, karibu na mguu, pitisha kidole.
Doa lisilong'aa, dogo kama haragwe.
Kioo hakikufika. Mchovyaji alilishika hapo
alipolizamisha kwenye pipa la maji mazito ya risasi,
akalitoa, akalizungusha, akachukua jingine.
Jingine.
Jingine, hadi kengele.

Keziah, nyanya ya mama yangu, alichovya miaka kumi na minne
katika kiwanda ambacho leo ni maegesho ya magari.
Ufizi ulimchora mstari wa samawati.
Halafu vifundo vya mikono vikalegea,
akawa hawezi kufunga kamba za aproni,
na chai akanyweshwa na wengine,
kwa kikombe ambacho pengine alikichovya mwenyewe.
Picha yake hatuna.

Sisemi ni yeye.
Mkusanyaji hasemi asichoweza kukithibitisha,
nawe utaandika hivyo kwenye lebo, kwa penseli:
"Kiwanda hakijulikani. Mchovyaji hajulikani."
Udongo naujua. Tanuri nalijua.
Ningeweza kukutajia mtaa, nikakosea kwa nyumba mbili tu.

Weka kidole gumba chako juu ya doa.
Umeona? Kimepitiliza pande zote.
Changu pia hakienei, na mikono yangu
ni ya kununuliwa glavu za watoto.

Hapana, usiseme kitu. Muulize bei.

Pauni saba, anasema.
Ngoja, ngoja,
analichukua, analigeuza kwenye mwanga,
ah, lina kasoro hapa, mama, samahani sana, sikuiona.
Basi sita.