Kopo la Rangi Nyekundu

Hati inasema: ekari kumi na saba, Rutamba,
mpaka wa mashariki mkongo wenye kovu la shoka,
mmiliki Somoe binti Nangomwa.
Tawi kavu halijasoma hati.
Linaning'inia juu ya njia ya kisimani
kama deni lisilotaja siku.

Kila Juni, mvua zikishatupa kisogo,
nachukua kopo la rangi na brashi iliyong'oka nusu ya nywele,
Mchopa na msumeno wake nyuma yangu
akilalamikia goti.
Alama moja: mti huu utazamwe.
Alama mbili: ushuke kabla ya kiangazi.
Alama tatu: hata mimi sipiti chini yake.

Majirani wanacheka.
"Somoe kautia msitu hina, kesho atauoza."
Nawajibu: miti huoza yenyewe,
kazi yangu ni kujua itaangukia upande gani.

Na chini kuna mashimo.
Wazee walichimba sandarusi hapa,
wakaitwika hadi pwani,
ikaenda kung'arisha viti vya watu wasiowajua.
Shimo halisafirishwi. Likabaki,
kina cha mtu aliyesimama,
likajaa majani hadi likafanana na ardhi.

Mwaka ule Bakili wa Esha,
miaka tisa, kamba ya mbuzi mkononi,
alikanyaga majani yasiyo na chini.
Mbuzi ndiye aliyerudi nyumbani.
Tulimpata usiku wa pili, sauti imemkauka,
mguu wa kushoto umegeuka.
Esha hakunishtaki.
Hilo ndilo lililonishtaki.

Sikuufunga msitu.
Nani awafungie watu ming'oko
mihogo ikiwa bado vidole?
Niliandika kwa mkaa juu ya kipande cha bati:
CHIMBA. KULA. FUKIA.
Anayefukia nampa chumvi ya kuchemshia.
Asiyefukia namtuma kwa Bakili na salamu,
amwone anavyoinuka kuzipokea.

Upande wa mikorosho tunafyeka njia ya moto,
upana wa hatua nane, udongo mtupu.
Jirani akichoma majani yake
cheche haiulizi mpaka uko wapi.
Bakili sasa ana ndevu. Huja na reki,
hukaa kila baada ya hatua ishirini,
na hataki tumsubiri.

Umebaki mmoja.
Msandarusi wa mama,
pale alipokuwa akitua kuni
na kunitua mimi mgongoni.
Mchwa wameula kwa ndani.
Ukiugonga unaitika kama mtungi mkavu.
Miaka mitatu nimeuzunguka kwa mbali
nikisema rangi imekwisha,
na watoto wa shule wanapita chini yake
asubuhi na mchana, wakirusha mawe.

Juzi Bakili alilishika kopo, akalitikisa.
"Shangazi," akasema, "bado lina sauti."

Nikapaka. Moja. Mbili.
Ya tatu ilichuruzika hadi kwenye mizizi,
sikuifuta.
Mchopa alivua kofia,
kisha akakumbuka kilichomleta, akaivaa.
Tuliwasimamisha watoto kule njiani,
Esha kashika kanga yake imetandazwa kama lango.

Msumeno haukufika nusu.
Mti uling'oka na mizizi yake, ukaenda kando kidogo
ya pale tulipouelekeza,
ukavunja mpingo mchanga niliouhesabu mwaka jana.
Hakuna aliyeumia.
Nilirudia maneno hayo kwa sauti, mara mbili,
kama mtu anayehesabu chenji.

Kwenye udongo mbichi kulikuwa na sandarusi,
donge la ukubwa wa ngumi ya mtoto.
Mchopa anasema hiyo ni pesa.
Nimelifunga kwenye pindo la kanga.

Halafu nikatazama chini:
shimo, hadi kiunoni,
na njia ya kisimani iko hatua saba.
"Bakili," nikasema, "lete jembe."
Alikuwa ameshaanza.