Kizibo

Dadangu Syombua halimi.
Namaanisha: analima, ila jembe kalitundika stoo
na buibui wamelikubali.

Ni Ruai, udongo mweusi,
huu unaokuvua viatu Aprili
na Agosti unapasuka, funguo zikitumbukia umezisamehe.
Mabua ya mahindi ya msimu uliopita kayalaza papo hapo,
akapenyeza mbegu za pamba kwa kijiti.
"Shamba hilo au jalala?" jirani aliuliza juu ya ua.
Hakujibiwa.

Mimi fundi wa Gikomba. Pamba naijua ikiwa na vifungo.
Jumamosi huja kumshikia ndoo.

Mwaka wa kwanza tulimwaga yurea juu ya mabua
kama chumvi juu ya chipsi.
Jua likatoka. Kufika alasiri
shamba zima lilinuka kama choo cha stendi:
elfu sita zetu zikipaa, bila kuaga.
Iliyobaki ikaliwa na mabua yenyewe,
maana kinachooza nacho kina njaa,
tena hula kabla ya mwenyeji.
Majani ya chini yakageuka manjano, kisha ya katikati.

Mwaka wa pili tukaona aibu, tukazidisha.
Pamba ikanifika begani, kijani, kijani cha majivuno,
tukapiga picha.
Vitumba nilivihesabu kwa vidole vya mkono mmoja
na kidole gumba sikukihitaji.

Sasa ni kizibo cha soda.
Kimoja, kisifurike,
upana wa vidole vinne kutoka shinani,
chini ya mabua, ufukie.
Nusu ilikwenda miche ikiwa michanga.
Nusu nyingine ni matumba ya maua yakitokea,
na yametokea leo; Syombua kapiga magoti kuyatazama,
madogo, ya pembe tatu,
kama sambusa za kuchezea watoto.

"Niweke?"
Anatazama upande wa Ngong. Wingu lipo, halijaamua.
"Ngoja."
"Likipita?"
"Litapita yurea ikiwa mfukoni."

Ndege inashuka kuelekea Embakasi,
kivuli chake kinaruka mistari bila kukanyaga.
Tumekaa juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa, mgongo kwa mgongo.
Mfuko umefungwa kwa uzi wangu wa cherehani, mafundo mawili.
Kizibo kitupu nakigeuza, nakigeuza,
ukingo wake umeniachia meno
kwenye kidole gumba.