Macho Alipolala

Miaka sita sijamwona amelala.
Tulikuwa wawili langoni pa ghala la saruji, Maweni,
mimi na filimbi, yeye na meno,
mimi na vijiti vya miraa shavuni,
yeye bila kitu,
macho tu. Ndilo jina tukampa.

Leo kalala juu ya meza ya bati,
ulimi umetoka pembeni kama kitambaa kilichosahauliwa kambani,
tumbo limenyolewa, limeshonwa nyuzi kumi na moja
(nimezihesabu; kazi yangu kuhesabu),
na uvimbe umo ndani ya kopo, mkubwa kama chenza.

Daktari Nyevu anatazama saa.
"Angekuwa ameshaamka."
Hasemi tena. Anamfinya kidole cha mguu.
Kimya.
Stima imekatika Malindi nzima, feni imesimama,
jenereta ya jirani inakohoa.

Nikamwambia: nina kahawa tungu kwenye chupa,
ina tangawizi, iliniweka macho hata usiku niliomzika mama.
Akacheka kidogo, cheko la mtu aliye mbali.
"Kahawa yako ninayo hapa," akaonyesha kichupa
kisichozidi kidole gumba.
"Lakini hii haiamshi, inabisha hodi tu.
Ukibisha kwa pupa, anayekufungulia ni hofu."

Hilo nalijua.
Nimeamshwa hivyo alfajiri nyingi
na kijiti cha mwisho: moyo umeshafika nyumbani,
mwili ungali barabarani unaburutwa.
Asubuhi za namna hiyo nimewabwekea wanangu.

Akavuta dawa. Akainua sindano dirishani,
akapunguza.
Akapunguza tena.
Akamdunga.

Pumzi moja. Ya pili ndefu,
kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu.
Sikio likacheza.
Jicho likafunguka, la kioo, halina mwenyewe,
akaningurumia,
Macho wangu, kana kwamba ndimi mwizi.

"Usimshike. Bado yuko njiani."
Nikaweka kiganja mezani, karibu na pua,
na harufu yake ya kahawa na kutu ya lango.
Akanusa. Akanusa tena.
Halafu akalala, usingizi wake mwenyewe sasa,
ule niliodhani hakuumbiwa.

Jioni nikaenda langoni peke yangu.
Vijiti vikanyaukia mfukoni.
Usiku kucha, kila kivuli kilipopita,
niligeuka kushoto
kumuuliza.