Tano Zilizokatwa

Kocha Kilufya alihesabu kama wote wanavyohesabu:
kumi na tano, thelathini, arobaini.
Siku yangu ya kwanza nikainua mkono, mtoto wa karani,
nikauliza: baada ya thelathini si arobaini na tano?
Zile tano zimekwenda wapi?
Akanitazama, akautazama mfuko wa shati lake.
"Balikata ku mushahara," akasema,
akarusha mpira juu, akapiga.

Ulikuwa mwaka wa tatu chuo hakijamlipa.

Kiwanja alikijenga kwa kichuguu.
Alikileta kwa toroli kutoka ng'ambo ya mto,
udongo ambao mchwa walikwisha kuutafuna,
mwekundu, laini kama unga uliochekechwa mara mbili.
Tukaponda, tukamwagia maji,
tukavuta pipa lililojaa zege, mbele, nyuma,
hadi viganja vikatoka malengelenge
kabla hatujashika raketi.
"Mchwa ndio waliofanya kazi," alisema. "Ninyi mnapiga pasi."
Mistari tuliichora kwa chokaa. Mvua ya Novemba iliifuta.
Tukaichora.

Wavu ulitoka Kasenga, bado ukinuka samaki;
paka wa mpishi walilala chini yake.
Mipira saba, yote yenye upara.
Aliitia kwenye mvuke wa sufuria ya maharagwe
ivimbe kidogo, ipate roho.
Mara moja kwa mwaka, kabla ya mashindano,
alifungua kopo jipya. Tsss.
Tulipanga foleni kunusa, mmoja mmoja,
kama watu wanaokwenda kukomunika.

Mwaka ule askari walipoupora mji
walibeba viti vya darasani, mabati, hata kengele.
Raketi alikuwa amezizika:
kumi na moja, ndani ya mifuko ya saruji,
nyuma ya mstari wa mwisho,
na juu yake akapitisha pipa mara sita.
Wakasimama pale pale.
Mzee, hapa munafanya nini?
"Tunaanika mihogo."

Hakuwahi kutoa bingwa. Niseme wazi,
maana siku ya kumuaga mkurugenzi alitaja "mabingwa" mara nne.
Mwadi alifika nusu fainali Kinshasa, tumbo likamkata.
Tshiswaka alikuwa na mkono wa kushoto wa kutisha;
akaenda nao Kolwezi kupakia magunia ya kobalti.
Mimi nilishindwa, nikashindwa tena, nikawa mwalimu wa kemia
katika chuo hiki hiki.
"Wewe," aliniambia, "unashindwa vizuri.
Si wengi wanaookota mipira wakiisha kupigwa."
Sijui kama ilikuwa sifa.
Nimeibeba miaka thelathini.

Julai, baridi, vumbi la mgodi limekaa juu ya jua.
Viti vya plastiki, soda, hotuba.
Mkurugenzi akasoma hati yenye mhuri:
kwa utumishi wa miaka arobaini.
Nilijua, mke wake alijua, mpishi alijua:
ni arobaini na tano.
Faili la miaka ya kwanza lilipotea,
au panya, au karani fulani, pengine baba yangu.
Kocha alivaa miwani, akasoma mwenyewe, polepole.
Kisha akanitafuta kwa macho katikati ya watu
na mabega yakaanza kumtikisika.
Walidhani analia. Wakampigia makofi.

Zawadi ilikuwa saa ya ukutani. Haikuwa na betri.

Jioni tulikaa kwenye pipa, tukipokezana munkoyo.
Wavu umelegea katikati kama kamba ya nguo.
Nilitaka kusema jambo zito nikalikosa,
nikasema: Kocha, arobaini haimalizi mchezo.
Akanyamaza. Akaupapasa mfuko wa koti,
akatoa mpira, upara kabisa, wa rangi ya udongo,
akaniwekea mkononi.

"Basi, anza."