Faida Tupu

Mvua imenyesha Kibuye usiku kucha.
Turubai langu limejaa maji, limening'inia kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba.
Nalisukuma kwa mpini wa ufagio,
maji yote yanamwagika kwa jirani, Mama Apondi,
ambaye leo hatanisalimu mpaka saa nne.

Mezani, jezi kumi na moja.
Mgongoni, jina moja mara kumi na moja: ROWLAND.
Waliagiza vijana wa boda wa Kondele,
wakalipa nusu,
nusu nyingine wakaitupia mwisho wa mwezi.
Jana usiku Rowland kauzwa.

Si kwa kukosa mabao. Si kwa ulevi.
Amezaliwa mitaa miwili kutoka lango la uwanja wao.
Lusweti, karani wa Sacco, ndiye aliyenifungulia fumbo,
akichokoa punje za mahindi menoni:

"Sheria ya kule, Akeyo, inahesabu hasara ya miaka mitatu.
Ukizidisha kipimo, unakatwa pointi.
Sasa, yule winga wa kununuliwa, bei yake waliikata vipande,
kila mwaka kipande, kama sofa ya mkopo.
Ukimuuza mapema, vipande vilivyobaki vinakudai kwanza.
Lakini mtoto wa nyumbani?
Hakununuliwa. Kitabuni ni sifuri.
Ukimuuza, yote ni faida.
Faida tupu."

Sifuri.
Viatu vilivyomfinya, sifuri.
Jioni za baridi akiwaokotea wakubwa mipira, sifuri.
Mamake akingoja nje ya ukuta
na chai iliyopoa kwenye chupa,
sifuri.

Nami nikamkumbuka ndama wetu, kule Yala.
Ng'ombe wa gredi tulikuwa naye, wa mkopo wa ushirika;
huyo haguswi, ana karatasi.
Karo ilipofika, baba alipita mbele ya yule mwenye karatasi
akaenda kumfungua ndama wa zizini,
niliyemnywesha kwa sufuria, vidole vyangu mdomoni mwake.
"Huyu hatukumnunua," baba alisema,
kana kwamba hilo ndilo kosa lake.
Kwa ndama huyo nilisoma hadi kidato cha pili.
Sina haki ya kulia sana.

Wala siichukii sheria.
Nimeshika kitabu cha chama miaka sita,
najua mwenye mfuko mnene akiachiwa
atanunua soko lote, na mvua yake.
Ila nasikia kuna waliojiuzia hoteli yao wenyewe,
mkono wa kulia ukamlipa wa kushoto,
hesabu zikanyooka.
Ningethubutu mimi, nimuuzie Akeyo kibanda cha Akeyo,
askari wa kaunti angecheka
kisha angebeba pasi.

Saa tano mwenyekiti wa boda anakuja, hazimi pikipiki.
"Mama, toa hilo jina au rudisha pesa."
Pesa nimenunulia mkaa.

Basi nachochea pasi, natandaza gazeti,
napasha herufi mpaka zilegee,
nazibandua moja moja kwa ukucha.
R inatoka vizuri. W inang'ang'ania, inaacha kovu.
Kitambaa kinabaki na kivuli cha jina
unachokiona ukikigeuzia jua.

Kuna golikipa wa hapa Manyatta,
hajawahi kuvaa jezi yenye jina.
Nazipanga herufi mezani, nazisogezasogeza:
O, D, W, A, R.
Imetimia! Odwar mzima ametoka ndani ya Rowland,
zimebaki L na N, hazina mwenyewe.

Jioni kaja kuijaribu, kajitazama kwenye kioo cha Mama Apondi,
shingo imegeuka kama ya kuku akitafuta mgongo wake.
Ana miaka kumi na saba.
Kocha hajatumia juu yake hata senti.
Wiki iliyopita walikuja watu wawili kutoka Nairobi,
wakakaa nyuma ya goli, wakaandika kitu.

Sikumwambia.
Zile herufi nilizipiga kwa moto wa wastani tu,
ili siku yake ikifika
zibanduke bila kuchana kitambaa.