Weka Mbali na Watoto

Kazi yangu ni kuhariri miongozo ya mashine za kufulia,
na kila baada ya kurasa tatu hurudi onyo lile lile:
Weka mbali na watoto.
Ninaliandika Bilyana akiwa pajani,
vidole vyake vya uji vikibonyeza herufi nisizozitaka,
jjjjjjjj, kisha nukta, kisha kicheko.
Ninafuta. Anaandika. Ninafuta.

Nje, Pazardzhik imeanza kuvua koti.
Theluji ya mwisho imejikunyata nyuma ya gereji za bati
kama mdaiwa anayesubiri giza ili atoroke.
Bi Stoyka wa ghorofa ya pili ametoa mazulia kwenye roshani,
anayapiga, pu! pu! pu!
na kila pigo linaingia katika mkutano wangu wa saa nne
hata Bi Tsvetelina, kutoka makao makuu, anauliza
kama kwangu kuna ujenzi.
Nasema ndiyo. Si uongo sana.

Kaloyan ana miaka minne na hoja za wakili.
Tangu tarehe mosi Machi ana uzi mkononi, mwekundu kwa mweupe,
martenitsa niliyomfungia kabla hajapiga mswaki,
na sheria yake ni ya kale kuliko mkataba wangu wa ajira:
usiuvue mpaka umwone korongo
anarudi kutoka kusini, au mti umechanua.
Uzi sasa ni wa kijivu. Umeoga, umekula supu,
umelala kwenye mchanga wa paka wa jirani.
Nikishika mkasi analia.
"Bado hajafika, mama. Halafu wewe unaangalia ndani tu."

Ndani tu.
Nilijitetea kimoyomoyo, sufuria mkononi:
ndani ndimo ulimo mkate, ndani ndimo ilimo kodi ya nyumba,
na baba yako yuko njiani na lori,
leo Austria, kesho hata yeye hajui.
Utetezi mzuri. Hakimu alikuwa ameshaondoka,
anatafuta kiatu.

Jumanne. Kurasa arobaini kabla ya saa sita.
Bilyana kasinzia hatimaye, nami nanyata
kuelekea sentensi iliyonisubiri tangu alfajiri.
Usingizi wa mtoto mchana
ni mkopo wa muda mfupi, na riba yake kali.
Nafungua kamera. Naeleza tofauti
ya "kausha" na "kamua".
Mlango unafunguka kwa teke.
Hana suruali. Ana kiatu kimoja, cha mvua.
"Amekuja! Mama, amekuja!
Yuko juu ya bomba la moshi, pale kwa muoka mikate!"

Nyuso tisa kwenye skrini.
Nina kitufe cha kuzima sauti, nina kitufe cha kuzima picha,
sina kitufe cha kumwambia korongo asubiri.
"Dakika tano," nikasema,
sijui nilikuwa namwambia nani.

Alikuwepo kweli. Mrefu, mchafu, vumbi la bara jingine mbawani,
akipangua na kupanga vijiti vya mwaka jana
kama mtu aliyerudi na kukuta wageni wamehamisha viti.
Hakututazama. Alikuwa kazini.
Alikuwa kazini na alikuwa nyumbani,
juu ya bomba moja,
na hakuonekana kujua kwamba hayo ni mambo mawili.
Mimi najua. Nilihesabu zile dakika:
zilikuwa kumi na saba,
na ya kumi na nane Bilyana aliamka akipiga kelele.

Jioni tuliufunga uzi kwenye mplamu wa maegesho,
tawi la chini kabisa, lenye vifundo tu, bila ua hata moja.
Kaloyan aliubusu kwanza. Kisha akausahau.

Saa tatu usiku ukafika ujumbe wa Bi Tsvetelina:
ukurasa wa thelathini na moja, baada ya onyo,
kuna herufi j nane na nukta.
Je, ni alama ya hitilafu ya mashine?

Nimemjibu kwamba nitarekebisha.
Sijarekebisha bado.